Chombo na nahodha: kuunda kompyuta ya nyumbani na kuichagulia mfumo endeshi

Tangu Microsoft iliposimamisha huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, swali moja linarudi kila siku hapa Tanga, kwenye stesheneri za Ngamiani, kwenye ofisi za Chumbageni na majumbani mwa watu: "Kompyuta yangu imeisha muda, ninunue nyingine?" Wapo walioambiwa kwamba mashine zao zitagoma kuwaka. Wapo waliouza kompyuta nzima, isiyo na kasoro, kwa bei ya chuma chakavu. Na wapo vijana walioamua kujiundia yao tangu mwanzo, wakaagiza vipuri Kariakoo, vikaja na basi, kisha wakakuta prosesa haikai kwenye soketi na RAM haiingii kwenye nafasi yake.

Mzizi wa mkanganyiko huu ni mmoja: watu wengi huhesabu kompyuta na Windows kuwa kitu kimoja. Ni vitu viwili, na kila kimoja kina uhai wake.

Mtu wa Tanga hahitaji kufundishwa tofauti ya jahazi na nahodha. Jahazi ni mbao, misumari, mlingoti na tanga. Nahodha ndiye anayejua upepo, anayempa kila baharia kazi yake na kuamua shehena ikae wapi. Nahodha akistaafu, jahazi halipasuliwi kuni. Hutafutwa nahodha mwingine anayeliweza. Kompyuta ndiyo chombo. Mfumo endeshi ndio nahodha.

Kwa maneno makavu zaidi, mfumo endeshi ni programu inayoshika usukani mara tu mashine inapoamka. Ndiyo inayogawa muda wa prosesa, inayoamua nani atumie RAM kiasi gani, inayoandika mafaili kwenye diski, inayozungumza na printa, kibodi na skrini. Programu nyingine zote, iwe ya kuandikia barua au ya kutazamia video, hazigusi mashine moja kwa moja. Huomba kwa mfumo endeshi. Windows ni mmojawapo. Linux ni mwingine, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi nchini Finland. Apple wana macOS, ambao leseni yake inaruhusu utumike kwenye mashine za Apple tu, kwa hiyo hautuhusu hapa. Na anayesema Linux ni kitu cha wataalamu asichokijua, aitazame simu yake: kama ni Android, kiini chake ni Linux.

Sasa, "kusimamishwa huduma" maana yake nini? Chukua kufuli la mlango wa nyumba. Kila mwezi wezi hugundua ufunguo mpya unaolifungua, na kila mwezi fundi hupita kulirekebisha bila malipo. Tangu Oktoba 2025 fundi huyo haji tena kwa Windows 10. Mlango bado unafungwa, nyumba bado inakalika, ila kila mwezi unaopita funguo za wezi zinaongezeka. Kompyuta itawaka, itachapa, itafungua mafaili yako kama jana. Hatari ipo hasa kwa anayeingia intaneti, anayefanya miamala ya benki, au anayepokea flashi za wateja kutwa nzima. Microsoft imetoa mwaka mmoja wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani wanaojiandikisha, unaokwisha tarehe 13 Oktoba 2026. Huo ni muda wa kujipanga.

Windows 11 yenyewe ina masharti. Inataka RAM ya GB 4 na diski ya GB 64, na hapo kompyuta nyingi hupita. Zinapokwama ni kwenye mambo mawili: chipu ya usalama iitwayo TPM toleo la 2.0, na umri wa prosesa. Kwa prosesa za kampuni ya Intel, kwa ujumla ni kizazi cha 8 kwenda juu; kwa za AMD ni Ryzen za mfululizo wa 2000 kwenda juu. Kizazi kinasomeka kwenye jina: i5-6500 ni cha 6, i5-8500 ni cha 8, i5-12400 ni cha 12. Kujua TPM, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, kisha soma toleo lililoandikwa. Ikisema haipo, usikate tamaa mapema. Mara nyingi ipo ila imezimwa ndani ya BIOS, ile programu ndogo ya mashine yenyewe inayoamka kabla ya Windows, na kwenye kompyuta za Intel hufichwa kwa jina la PTT, kwenye za AMD fTPM.

Fundi cherehani na meza yake

Kabla ya kununua kipuri chochote, fahamu kila kimoja kinafanya nini. Mtazame fundi cherehani barazani. Mikono yake ndiyo prosesa: ikiwa myepesi, nguo huisha mapema. Meza yake ndiyo RAM: ni pale anapotandaza kitambaa anachokishona sasa hivi. Meza ikiwa ndogo, kila akitaka mkasi lazima akunje kitu kwanza. Kabati la nyuma ndilo diski, linalohifadhi vitambaa vyote hata duka likifungwa. Umeme ukikatika, vya kabatini vinabaki, vya mezani vinapotea. Vilivyomo kwenye RAM ndio waja leo waondoka leo wenyewe.

Kutoka hapa unaelewa kwa nini kuongeza RAM si dawa ya kila uzito. Kama meza inatosha lakini kabati liko mbali, fundi atazunguka tu. Diski ya kizamani yenye sahani inayozunguka husoma kiasi cha MB 100 hadi 150 kwa sekunde, na hiyo ni kwa faili moja refu. Mafaili madogo mengi huishusha vibaya. SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, ikiwa ya waya wa SATA hufika MB 500 na zaidi. SSD ya NVMe, ile nyembamba kama ubani wa kutafuna inayolala juu ya ubao, mara nyingi hupita MB 3,000. Kompyuta ya mwaka 2015 iliyobadilishwa diski ya kuzunguka ikawekwa SSD hubadilika kuliko iliyoongezwa RAM pekee. Hapo ndipo shilingi ya kwanza iende.

Ubao mama, ambao mafundi huuita mazabodi, ndio baraza ambamo wote hao hukutana. Pawa saplai hugeuza umeme wa ukutani kuwa umeme mdogo wa moja kwa moja ambao vipuri vinaumudu. Kasha hulinda na kupitisha hewa. Kadi ya picha huchora kinachoonekana kwenye skrini, na kwa mtumiaji wa kawaida si lazima iwe kipande cha peke yake, kwa kuwa prosesa nyingi zinayo ndani.

Vipuri vinavyokubaliana

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo twende polepole.

Kwanza soketi, yaani kiti cha prosesa kwenye ubao. Prosesa ya Intel ya kizazi cha 12, 13 au 14 hukaa kwenye soketi LGA1700. Ya kizazi cha 10 au 11 hukaa LGA1200, na haziingiliani hata kwa nguvu. Kwa AMD, Ryzen za mfululizo wa 1000 hadi 5000 za mezani hukaa AM4; za 7000 kwenda mbele hukaa AM5. Lakini soketi kufanana hakutoshi. Ubao wa AM4 wa aina ya B450 uliokaa dukani tangu 2018 utaikubali Ryzen 5000 kwa umbo, kisha utawaka bila picha mpaka BIOS yake isasishwe. Muulize muuzaji BIOS ni toleo gani, au chagua ubao wenye kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi bila prosesa.

Pili RAM. DDR3, DDR4 na DDR5 zina mikato mahali tofauti, na ukiona haiingii, simama, umekosea aina. AM4 hutumia DDR4, AM5 hutumia DDR5 tu. LGA1700 ndiyo yenye mtego: kuna mbao za DDR4 na mbao za DDR5 kwa prosesa ileile, na majina yake hukaribiana. Soma boksi lote. Nunua vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha GB 16, kwa sababu ubao husoma njia mbili kwa pamoja, na prosesa yenye picha ya ndani hufaidika sana na hilo. Bei ya RAM imepanda duniani tangu mwishoni mwa 2025, kwa hiyo RAM ya DDR4 uliyonayo ambayo ni nzima ni sababu nzuri ya kubaki na ubao wa DDR4.

Tatu picha. Herufi ya mwisho kwenye jina la prosesa ina thamani ya kompyuta nzima. Intel yenye F mwishoni, mfano i5-12400F, haina picha ndani. Bila kadi ya picha, skrini itabaki nyeusi milele. i5-12400 isiyo na F inayo. Kwa Ryzen za AM4 ni kinyume: isiyo na G, kama Ryzen 5 5600, haina picha, Ryzen 5 5600G inayo. Anayenunua kwa kutazama bei tu hujikuta ameokoa kidogo kwenye prosesa, kisha anadaiwa kadi ya picha ambayo hakuipangia.

Kwa nyumba ya kawaida, yaani kazi za shule, barua, hesabu za duka, video na picha kidogo, mchanganyiko huu unatosha kwa miaka mingi: Ryzen 5 5600G, ubao wa B550, RAM ya DDR4 vipande viwili vya GB 8, SSD ya NVMe ya GB 500 na pawa saplai ya wati 450 ya kampuni inayojulikana. Kwa anayetaka Intel, i3-12100 isiyo na F na ubao wa LGA1700 hufanya kazi hiyohiyo. Kadi ya picha aiwaze mcheza gemu mazito na mhariri wa video, wengine waiache.

Umeme, chumvi na joto

Watu hulinganisha prosesa usiku kucha, kisha pawa saplai wanachukua iliyokuja bure na kasha. Huo ndio uamuzi unaoua kompyuta nyingi. Pawa saplai mbovu haifi peke yake; huweza kufa na ubao, diski na kila kilichomo ndani ya diski. Kigezo cha haraka dukani ni uzito: iliyoandikwa wati 500 lakini nyepesi mkononi kama boksi tupu imepunguziwa vyuma na koili za ndani. Tafuta alama ya 80 Plus, ya kuthibitisha ufanisi wa pawa saplai, na jina la kampuni unayoweza kuithibitisha kwenye tovuti yake. Na kama ni ya zamani yenye swichi ndogo nyekundu nyuma, hakikisha imeandikwa 230. Umeme wetu ni volti 230. Mashine iliyotoka Marekani ikiwa bado kwenye 115 italia mara moja tu, na moshi utafuata.

Stabilaiza na UPS si kitu kimoja. Stabilaiza husawazisha umeme unaopanda na kushuka, lakini ukikatika nayo inazima. UPS ina betri, na kazi yake si kukuwezesha kumaliza filamu. Ni kukupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri. Namba kubwa kwenye boksi ni VA, na VA si wati: UPS ya VA 650 kwa kawaida hubeba kati ya wati 350 na 400. Kompyuta tuliyoitaja hapo juu pamoja na skrini kwa kazi za kawaida haifiki wati 150, kwa hiyo hiyo inatosha. Usichomeke printa ya leza kwenye UPS. Inapopasha moto huvuta umeme mwingi kwa ghafla na kuishinda. Umeme ukirudi, subiri dakika mbili tatu kabla ya kuwasha, maana dakika za mwanzo ndizo zenye kuruka kwa volti.

Anayeishi Raskazone au popote upepo wa bahari unapoingia dirishani ana adui wa ziada. Hewa yenye chumvi na unyevu hula miguu ya RAM, milango ya USB na bati la kasha. Usiweke kasha chini ya dirisha linalotazama bahari, wala sakafuni kwenye vumbi. Lifunike kitambaa likiwa limezimwa na kupoa, kamwe si likiwaka. Kila baada ya miezi mitatu ondoa vumbi kwa blowa, ukizishika feni kwa kidole zisizunguke, kwani kuzungushwa kwa upepo mkali huharibu bearingi zake. Kompyuta iliyogoma kuonyesha picha baada ya msimu wa mvua mara nyingi inahitaji kuvuliwa RAM tu, miguu yake ya dhahabu ikasuguliwa taratibu kwa kifutio cha penseli, ikapanguswa na kurudishwa.

Mtumba wa maofisini

Si lazima kila kitu kiwe kipya. Kompyuta za mezani zilizotumika maofisini ughaibuni, kama Dell OptiPlex na HP EliteDesk, zilitengenezwa kufanya kazi kutwa na ni imara. Ukipata yenye i5-8500 au mpya zaidi, umepata mashine inayokubali Windows 11 bila ujanja. Nyingi zina leseni ya Windows iliyoandikwa ndani ya BIOS. Ukisakinisha toleo lilelile, Home au Pro, inajiidhinisha yenyewe ikifika intaneti, na ile ya Windows 10 huidhinisha Windows 11 pia.

Kasoro yake ni moja, lakini nzito. Vipuri vingi vya ndani ni vya umbo la kampuni yenyewe. Ubao wa kawaida hupokea plagi ya umeme ya pini 24; OptiPlex na EliteDesk nyingi zina plagi ya pini chache zaidi. Pawa saplai ikifa, ya dukani haitaingia, na ubao ukifa, ubao wa kawaida hautakaa kwenye kasha hilo. Kwa hiyo, inunue kwa ajili ya kuitumia ilivyo, ukiongeza SSD na RAM. Anayetaka kubadilisha kipande kimoja kimoja kwa miaka kumi ijayo, aunde ya kwake.

Siku ya kufunga

Unahitaji bisibisi ya nyota yenye sumaku, meza safi na saa mbili tatu zisizo na haraka. Gusa chuma cha kasha kila mara kabla ya kushika kipuri, ili umeme tuli wa mwilini uondoke.

Usianze kwa kutia kila kitu ndani ya kasha. Weka ubao mama juu ya boksi lake la karatasi, hapohapo mezani. Weka prosesa kwa kufuata alama ya pembetatu kwenye kona. Inakaa yenyewe bila kusukumwa. Kwenye AM4 pini ziko chini ya prosesa, kwenye Intel ziko ndani ya soketi, na kote kuwili pini iliyopinda ni hasara. Weka pesti ya joto kiasi cha punje ya mbaazi katikati, kisha kipoza joto juu yake. Kama kipoza kina pesti tayari, usiongeze. Kama kina karatasi ya plastiki chini, ivue. Karatasi hiyo ikisahaulika, kompyuta huwaka, hupanda joto ndani ya dakika chache na kujizima. Waya wa feni uende kwenye pini zilizoandikwa CPU_FAN.

RAM, kama nafasi ni nne, vipande viwili vikae nafasi ya pili na ya nne kuanzia kwenye prosesa. Sukuma mpaka usikie mlio wa kufunga. Kusukuma nusu ni sababu ya kawaida ya skrini nyeusi. SSD ya NVMe huingia kwa kuinama, kisha hulazwa na kufungwa kwa skrubu ndogo. Soma kitabu cha ubao hapa, maana kuna mbao ambazo nafasi hiyo, iitwayo M.2, ikitumika, mlango mmoja au miwili ya SATA huzimika, na mtu huhangaika akidhani diski yake ya pili imekufa.

Chomeka plagi ya pini 24 na ile ya prosesa ya pini 8, iliyogawanyika nne kwa nne. Plagi ya kadi ya picha hugawanyika sita kwa mbili; usizichanganye. Unganisha skrini, kisha gusanisha kwa ncha ya bisibisi pini mbili zilizoandikwa PWR_SW. Ikiwaka na kuonyesha BIOS, zima, ndipo uhamishie kwenye kasha. Kwa njia hii ukikuta tatizo baadaye, unajua limetoka kwenye kasha. Mbao za DDR5 mara ya kwanza hukaa gizani dakika kadhaa zikiipima RAM. Usiuchomoe umeme kwa pupa.

Ndani ya kasha, kwanza lile bati la nyuma la milango. Kisha hesabu vishikizo vya shaba: viwe pale tu ubao una tundu. Kimoja kilichobaki mahali pasipo tundu hugusa mgongo wa ubao na kusababisha shoti. Na kama una kadi ya picha, waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi, si kwenye ubao.

Nahodha yupi?

Swali la "mfumo upi bora?" halina jibu. Lenye jibu ni hili: programu ipi huwezi kuishi bila yake? Iandike kwenye karatasi kabla ya kupakua chochote.

Kama kazi yako inasimama juu ya Photoshop, AutoCAD, Microsoft Office kamili, au programu ya hesabu ya duka iliyotengenezwa kwa Windows pekee, chagua Windows na usijitese. Hali kadhalika mwenye kifaa cha kusoma alama za vidole au mashine ya risiti inayounganishwa na kompyuta. Amuulize kwanza aliyemuuzia. Na gemu nyingi za mtandaoni zenye ulinzi dhidi ya wadanganyifu hukataa Linux.

Kama kazi yako ni kivinjari, barua, hesabu za kawaida, muziki, video na masomo ya watoto, Linux itakutosha, na kwa kompyuta isiyokubali Windows 11 ndiyo njia ninayoipendekeza bila kusita. Linux Mint 22 inamfaa aliyezoea Windows, kwa kuwa menyu iko kona ileile. Ubuntu 24.04, aina nyingine ya Linux, una mpangilio wake tofauti. Zote mbili zinapata marekebisho ya usalama hadi 2029. Ubuntu huo wa 24.04 unapendekeza RAM ya GB 4. Kwa mashine ya GB 4 ya zamani, chagua Mint yenye sura ya Xfce, ambayo ni nyepesi zaidi. LibreOffice, mbadala wa bure wa Microsoft Office, hufungua mafaili ya Word na Excel, ingawa jedwali lenye mapambo huweza kusogea kidogo. Faili linalokwenda ofisi nyingine lihifadhi kama PDF, halitasogea.

Husemwa kwamba Linux ni ya kuandika amri kwenye skrini nyeusi. Ilikuwa hivyo zaidi miaka ya nyuma. Leo mtu hutumia Mint wiki nzima bila kuigusa skrini hiyo. Husemwa pia kwamba Linux haipati virusi. Hupata wachache zaidi, lakini nywila dhaifu na programu za mitaani humponza mtu popote alipo. Wengine huamini Windows ya kukraki ni sawa na halisi. Si sawa: kifaa kinachovunja leseni hukutaka uzime kinga kwanza, na hapo umemkabidhi mgeni ufunguo wa nyumba. Windows iliyopakuliwa kutoka Microsoft bila leseni hufanya kazi ikiwa na maandishi ya kukumbusha kwenye kona na mipaka ya mapambo, na bado hupokea marekebisho. Hiyo ni salama mara nyingi kuliko ya kukraki.

Upo pia ujanja wa kuilazimisha Windows 11 kwenye mashine isiyotimiza masharti. Hufanya kazi, ila Microsoft haiahidi kuipa marekebisho, na toleo la 24H2 linakataa kabisa prosesa za kale zisizo na amri za POPCNT na SSE4.2. Kwa kompyuta ya biashara, sioni sababu ya kuitegemea.

Kusakinisha

Nakili mafaili yako kwenye diski ya nje kwanza. Kusakinisha hufuta.

Unahitaji flashi ya GB 8. Mint ni kama GB 3, Ubuntu na Windows 11 ni takriban mara mbili yake, kwa hiyo panga bando lako au pakua mahali penye intaneti ya waya. Kwa Windows, tumia programu ya Microsoft yenyewe ya kutengeneza flashi. Kwa Linux, pakua faili la ISO, lenye mfumo mzima ndani yake, kutoka tovuti rasmi na uliandike kwenye flashi kwa programu iitwayo Rufus. Kulinakili kama wimbo hakutoshi, flashi haitawaka. Washa kompyuta ukibonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia: F12 kwa Dell, Lenovo na Gigabyte, F9 kwa HP, F8 kwa ASUS, F11 kwa MSI na ASRock.

Linux hukuruhusu kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Tumia nafasi hiyo kwa makini: jaribu Wi-Fi, sauti, printa, skrini. Kitu kisichofanya kazi hapo hakitajiponya baada ya kusakinisha.

Anayetaka manahodha wawili, Windows na Linux, aanze na Windows, kwani huandika juu ya utaratibu wa kuwasha bila kuuliza. Afadhali zaidi kila mmoja awe na diski yake. Na kabla ya kugusa BIOS kwenye kompyuta yenye Windows 11, tazama kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows lenyewe; matoleo mapya huifunga yenyewe ukiingia kwa akaunti ya Microsoft. Andika ufunguo wake wa tarakimu 48 kwenye daftari. Ukibadilisha Secure Boot, kinga ya wakati wa kuwasha iliyomo kwenye BIOS, bila ufunguo huo, mafaili yako yanaweza kubaki ndani ya kabati lisilofunguka.

Jambo moja huwashangaza wengi wenye mifumo miwili: saa hukosea kwa muda wa saa 3 kila wanapohama. Linux huandika kwenye ubao saa ya dunia, Windows huandika saa ya mahali ulipo, na Tanzania iko saa 3 mbele. Kwenye Linux fungua dirisha la amri, andika timedatectl set-local-rtc 1, na ugomvi huo unaisha. Lakini kama tarehe inarudi miaka nyuma kila umeme unapokatika, na kivinjari kinalalamika kwamba kila tovuti si salama, hapo hakuna mfumo wenye kosa. Ni betri ya CR2032 kwenye ubao mama, ya volti 3, ileile inayouzwa kwenye maduka ya saa. Chomoa waya wa umeme, itoe ya zamani, weka mpya upande wa alama ya kujumlisha ukiwa juu, kisha uingie BIOS kupanga tarehe.